Modemu ya kompyuta chakavu: kutafuta ubovu kabla ya kuitupa

Kompyuta za zamani zinazoibuka kwenye stoo za ofisi na shule hapa Tanga huja na kadi moja ambayo mafundi wengi huing'oa na kuitupa kwenye ndoo ya skrepa hata haijajaribiwa: modemu ya simu, yaani kifaa cha kupitishia data za kompyuta kwenye laini ya simu, ile yenye matundu mawili madogo nyuma. Mara nyingi wanatupa kitu kizima. Modemu ikilalamika kwamba haioni laini, anza kuushuku ukuta. Isipoonekana kabisa na kompyuta, anza kuishuku poti (tundu la kuunganishia) na draiva (programu ya kuiendesha). Kadi iliyokufa kweli ipo, na muuaji wake mkubwa ni radi, lakini huwezi kuijua kwa kuitupia jicho tu.

Kazi zake hazijaisha zote. Kompyuta isiyo na USB wala kadi ya mtandao inaweza kutoa mafaili yake kupitia modemu. Faksi bado inatumwa. Kuna paneli za ving'ora na mitambo ya vipimo iliyofungwa enzi hizo, ambayo mpaka leo inataka ipigiwe simu ndipo iseme. Na darasani, mwanafunzi akisikia modemu mbili zikipatana huelewa mawasiliano ya data upesi kuliko kwa mchoro wa ubaoni.

Ila kama shida yako ni mafaili tu, na kompyuta zote mbili zina poti ya siriali (ile inayopitisha biti moja moja, COM), achana na modemu. Tengeneza waya uliopishanishwa, kwa plagi za pini 9: pini 2 ya upande mmoja iende 3 ya upande wa pili, 3 iende 2, na 5 iende 5. Waya huo unapitisha biti 115,200 kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya modemu mbili zilizounganishwa. Hakuna ushujaa katika kuchagua njia ndefu.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Mita ya kupimia volti na omu. Simu ya mezani ya waya, ile ya kawaida isiyohitaji umeme wa ukutani. Waya mbili mpya za RJ11, yaani waya za simu zenye plagi ndogo. Kigawanyio cha laini chenye matundu mawili. Betri mbili za volti 9. Rezista moja ya omu 330, nusu wati. Betri mpya ya CR2032. Isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Mswaki wa zamani. Raba nyeupe ya penseli. Bisibisi ya nyota. Simu ya mezani usiidharau. Ndiyo itakayokuokolea muda kuliko vyote hivi, mita ikiwemo.

Kabla ya kuwasha mashine

Geuza kompyuta utazame nyuma, kwenye pawa saplai. Pana swichi ndogo, aghalabu nyekundu, yenye maandishi 115 na 230. Mashine zilizotoka Marekani huja zikiwa zimewekwa 115. Umeme wetu ni volti 230, na ukiwasha hivyo hivyo utasikia mlipuko: kapasita kubwa za ndani ya pawa saplai zinapata volti maradufu na kupasuka. Sogeza swichi iende 230 waya wa umeme ukiwa umechomolewa.

Fungua boksi. Kwenye mazabodi tazama kapasita ndefu za mviringo. Zilizovimba kichwani au zilizotoa uchafu wa kahawia zinatakiwa kubadilishwa kabla hujaanza kuilaumu modemu, kwa sababu mashine yenye umeme usiotulia hutoa makosa ya ajabu kila mahali. Bodi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi kama 2007 ndizo zenye ugonjwa huu zaidi.

Tazama pia betri ya bodi. Kama ni kidonge cha CR2032, ipime: chini ya volti 2.5, weka mpya. Betri iliyokufa hufanya mashine isahau mipangilio yake, pamoja na poti za siriali zilizowashwa au kuzimwa, na utabaki unatafuta modemu ambayo jana uliiona. Kwenye bodi za 386 na 486 betri huwa ni pipa dogo la buluu la volti 3.6 lililosoldiwa moja kwa moja. Hilo huvuja. Likivuja hula njia za shaba kimya kimya. Likate uliondoe, sugua eneo lote kwa mswaki na siki kidogo, kisha safisha kwa isopropili na uache likauke.

Na hapa ndipo pwani inapodai chake. Kompyuta iliyokaa miaka Raskazone au Chumbageni, dirisha wazi kuelekea baharini, imevuta chumvi. Meno ya dhahabu ya kadi yanapata utando usioonekana vizuri, na pini za ndani ya tundu la simu zinaota kijani. Chomoa kadi, sugua meno kwa raba kuanzia upande wa bodi kwenda nje (ukisugua kurudi nyuma unaweza kuyabandua), pangusa kwa isopropili, subiri dakika tano, rudisha. Tundu la simu lisafishe kwa mswaki uliolowa isopropili, kisha ingiza na utoe plagi mpya mara kumi hivi ili pini zijisugue zenyewe. Hatua hii ndogo hufufua modemu nyingi kuliko solda.

Laini kwanza

Chomeka simu ya mezani kwenye tundu la ukutani, palepale modemu itakapochomekwa. Si tundu la chumba cha pili. Inua mkono wa simu. Unatakiwa usikie mlio wa laini ulio safi. Bonyeza namba moja ili mlio ukatike, kisha sikiliza ule ukimya. Mlio wa moto wa mafuta kikaangoni ni maungio yenye kutu au yenye maji, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, ndivyo laini nyingi zinavyolia. Mngurumo mzito ni waya wa simu uliolala kando ya waya wa umeme. Mazungumzo ya watu yatavumilia kelele hizi, modemu haitavumilia.

Sasa pima kwa mita. Laini ikiwa imetulia, simu imewekwa chini, kati ya waya mbili za katikati za RJ11 utapata takriban volti 48 za DC. Chini ya 40, kuna kitu kinavuja au kuna simu nyingine imening'inia mahali. Usishike waya hizo kwa vidole wakati simu inaweza kuita: mwito ni umeme wa AC wa volti 75 hadi 90, na unarusha.

Kuna mtego mmoja wa siku hizi ambao lazima utajwe. Majumbani na madukani kuna simu za mezani zinazoingia kadi ya SIM, na baadhi zina tundu la RJ11 kabisa. Ukichomeka modemu, mlio wa laini utausikia, modemu itapiga namba, upande wa pili utaita, halafu patano halitatokea kamwe. Mtandao wa simu za mkononi hubana sauti kwa hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na milio ya modemu inafika imevurugwa. Hakuna mpangilio wa kutibu hilo. Laini ya shaba, au ekstensheni ya mtambo wa ndani wa ofisi, ndiyo inayofaa.

Laini za intaneti zenye kisanduku cha kubadilisha kuwa simu zinaweza kufanya kazi kwa shida: chagua G.711 A-law (njia ya sauti isiyobanwa sana), zima kufuta mwangwi, zima kukata ukimya, na uishushe modemu hadi 9,600 au 14,400. Intaneti ikiwa ya kuyumba, usipoteze jioni yako.

Jua una modemu ya aina gani

Modemu ziko za aina mbili, na ukizichanganya utaumia. Ya kwanza ni modemu kamili: ina kichakato chake na kumbukumbu yake, na kompyuta inaongea nayo kama poti ya siriali tu. Ya pili ni ile ya Windows, ambayo kadi yake ina chipu moja au mbili na sehemu ya simu, kazi yote nyingine inafanywa na programu. Bila draiva yake halisi hiyo ni kipande cha plastiki.

Za nje, zenye boksi na taa, na zinazoingia poti ya siriali, ni kamili. Kadi ndefu za ISA (nafasi ya kadi ya zamani) zenye safu ya jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini, karibu zote ni kamili. Kadi fupi za PCI (nafasi iliyofuata ISA) zenye chipu chache ni za Windows isipokuwa uthibitishe vinginevyo. Zile kadi ndogo mno za AMR na CNR, na vipande vya modemu ndani ya laptopu, ni za Windows pia.

Kwa kadi ya PCI usiamini jina la kwenye boksi. Washa mashine kwa Linux ya kwenye CD, andika `lspci -nn`, na usome namba ya mtengenezaji wa chipu: 11c1 ni Lucent au Agere, 14f1 ni Conexant, 127a ni Rockwell, 134d ni PCTel, 163c ni Smart Link, 12b9 ni 3Com na USRobotics. Draiva inatafutwa kwa chipu, si kwa nembo. Kadi ya Conexant yenye nembo ya kampuni usiyoijua itakubali draiva ya Conexant, almradi namba ya pili nayo ilingane. Na ukipata chipu ya Windows, weka Windows 98 au XP ya biti 32. Kuhangaika kuifanyisha kazi kwenye mfumo mpya wa biti 64 ni kujitakia maumivu ya kichwa.

Modemu kamili haina makuu. Ukikosa draiva yake, kwenye Windows 98 chagua mwenyewe kutoka orodha `Standard 33600 bps Modem` na itafanya kazi.

Ongea nayo: AT

Fungua HyperTerminal, programu ya Windows ya kuandikiana na poti (kwenye Linux tumia minicom), chagua poti ya modemu moja kwa moja, yaani COM1, COM2 na kuendelea, si jina la modemu. Kasi weka 9,600 kwa kuanzia. Andika `AT`, herufi zinazoanza amri za modemu, kisha Enter.

Ikijibu `OK`, poti ni nzima, kadi ina akili, na draiva haina neno. Umeshaondoa nusu ya maswali.

Isipojibu lakini unaona herufi unazoandika, modemu iko hai ila imefungwa majibu: andika `ATQ0V1E1`. Ukiona majibu ya tarakimu matupu, dawa ni hiyo hiyo. Ukiona herufi za ovyo, kasi ya poti haijalingana. Usipoona chochote kabisa, uko kwenye poti isiyo yake au poti yenyewe imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya bodi inayofunguliwa mashine inapowaka.

Kwa modemu ya nje kuna maswali mawili zaidi. Waya uwe wa moja kwa moja, si ule uliopishanishwa tuliousema juu. Na adapta iwe yake: modemu za nje mara nyingi zimepoteza adapta, na mtu huchomeka yoyote inayoingia. Soma mgongoni. Alama ya wimbi ni AC. Mstari wenye vinukta chini yake ni DC. Kuna modemu nyingi zinazotaka AC ya volti 9, na adapta ya DC yenye plagi ileile huwasha taa lakini modemu ikainamisha kichwa kila inapojaribu kushika laini. Taa zisikudanganye.

Modemu ikishajibu, irudishe kwenye hali ya kiwandani kwa `AT&F`. Mipangilio ya mwenye mashine wa zamani imehifadhiwa ndani, na huwezi kujua aliweka nini.

Panya anaganda modemu ikipiga

Dalili hii ni ya mashine za ISA na inatambulika papo hapo: unabofya kupiga, mshale wa panya unasimama katikati ya skrini, modemu inapiga nusu ya namba, kisha kimya. Au kinyume chake, modemu inafanya kazi mpaka uguse panya.

Sababu ni hii. Poti za siriali zina anwani nne lakini mistari ya kukatizia (IRQ), ambayo kifaa huitumia kuita kichakato, ni miwili tu:

COM1: anwani 3F8, IRQ 4
COM2: anwani 2F8, IRQ 3
COM3: anwani 3E8, IRQ 4
COM4: anwani 2E8, IRQ 3

Panya wa siriali akiwa COM1 na modemu COM3, wote wawili wanavuta mstari wa 4. Mmoja akizungumza, mwenzake hasikiki. Dawa: ingia BIOS, zima poti ya pili ya bodi, yaani 2F8 na IRQ 3, kisha weka jampa za modemu ziwe COM2 na IRQ 3. Mpangilio wa jampa umechapwa kwenye kadi yenyewe, mara nyingi kwa maandishi madogo karibu na safu ya pini. Tumia tochi na uvumilivu. Usiweke modemu COM2 bila kuzima ya bodi, utakuwa umeuhamisha ugomvi tu. Kadi nyingine zinaruhusu IRQ 5. Kama hakuna kadi ya sauti inayoikalia, ni chaguo zuri zaidi.

Kwa modemu ya nje kwenye mashine ya zamani sana, angalia chipu ya poti. Kwenye DOS andika `MSD` na ufungue sehemu ya COM. Ikisema 8250 au 16450, poti haina akiba ya baiti zinazosubiri, na Windows ikichelewa kidogo tu herufi zinapotea. Ibane kasi ya poti isizidi 19,200. Ikisema 16550A, ina akiba ya baiti 16, na unaweza kuipeleka 115,200.

Je, inashika laini?

Hapa ndipo utapata jibu la kweli kuhusu kadi. Weka kigawanyio ukutani: upande mmoja modemu, kwenye tundu lililoandikwa LINE, si PHONE. (Watu huchomeka PHONE halafu wanatafuta draiva siku nzima.) Upande wa pili weka mita kwenye volti za DC. Usome 48 hivi. Andika `ATH1`.

Unatakiwa usikie tiki ndogo ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na mita ishuke mpaka kati ya volti 5 na 12. Hiyo ni modemu iliyoinua mkono wa simu. `ATH0` na volti zirudi 48.

Tiki ikasikika na volti zisishuke: njia kati ya tundu na rilei imekatika, mara nyingi fyuzi ndogo. Tiki isisikike na volti zisishuke: rilei au kinachoiendesha. Kadi mpya zaidi hazina rilei, zinatumia chipu, kwa hiyo kwao tegemea mita peke yake. Volti zikawa tayari chini kabla hujaandika kitu, na simu ya chumba cha pili nayo ikakosa mlio punde unapochomeka modemu: kadi imepata shoti kwenye kinga ya radi. Ichomoe haraka, maana laini nzima imekamatwa.

Kwa upande wa kuitwa, piga laini hiyo kwa simu yako ya mkononi. Kwenye skrini ije `RING`. Modemu inayopiga vizuri lakini haioni RING imeharibika saketi ya mwito tu. Kwa kazi ya kupiga bado inafaa, iandike kwa karatasi na uitumie.

Inasema NO DIALTONE na mlio upo

Mlio wa mtambo wa ndani wa ofisi, au mlio wenye kukatakata unaoashiria ujumbe wa sauti, haufanani na ule modemu iliofundishwa kuusubiri. Iambie isisubiri: `ATX3`. Itapiga bila kusikiliza mlio, lakini bado itatambua laini yenye shughuli. Kwenye ofisi inayotaka 9 ya kutokea nje, weka mkato wa kupumua: `ATX3DT9,0272XXXXXX`. Kila alama ya mkato ni sekunde 2. Kwa namba za Tanga ndani ya Tanga kwenye laini ya kawaida, msimbo 027 hauhitajiki. Mtambo wa zamani usiotambua toni unataka `DP` badala ya `DT`.

Windows huficha maneno ya modemu nyuma ya namba zake. 680 ni hakuna mlio wa laini. 676 ni laini ina shughuli. 678 ni upande wa pili haukujibu. 691 ni jina au nywila, na hapo modemu imekwisha maliza kazi yake, iache ipumzike.

Inapiga, inalia, kisha NO CARRIER

Washa spika: `ATM1L3`. Sikiliza. Mlio wa laini, toni za namba, mwito, kisha upande wa pili unajibu kwa sauti nyembamba ya hezi 2,100, halafu mikwaruzo ya kupimana, halafu kimya. Kimya hicho cha mwisho ndicho patano.

Usiposikia ile sauti nyembamba, upande wa pili hakuna modemu, umempigia mtu. Ukiisikia lakini modemu yako haijibu, huenda saketi yake ya kupokea ni dhaifu au laini inameza sauti. Mikwaruzo ikirudia mara mbili tatu na kukata, kelele za laini zinaangusha kasi chini ya wanachokubaliana. Fanya mambo haya kwa mpangilio huu:

1. Chomoa simu zote nyingine na ekstensheni zote kwenye laini hiyo. Kila mita ya waya wa ziada uliolala ukutani ni antena.
2. Ongeza subira: `ATS7=90`, yaani sekunde 90 za kungoja patano.
3. Kama inakata katikati ya kazi, `ATS10=50`. Kwa kawaida modemu hukata ishara ikipotea kwa sekunde 1.4, sasa itavumilia 5.
4. Ishushe kasi. Kwa chipu za Rockwell na Conexant, `AT+MS=V34` huizuia isijaribu kilobiti 56. Laini mbovu inayopatana kwa 26,400 na kutulia ni bora kuliko ile inayopatana kwa 44,000 na kukata kila dakika tatu.

Ukiona `CONNECT 115200` usishangilie, hiyo ni kasi ya poti. Kwenye chipu hizo hizo andika `ATW2` kabla ya kupiga, na utaambiwa kasi ya kweli ya laini.

Kujaribu bila laini kabisa: modemu mbili na betri

Hili ndilo jaribio tunalolitegemea kuliko yote, kwa sababu halihitaji mtoa huduma wala laini ya mtu. Unahitaji kompyuta mbili, kila moja na modemu yake.

Chukua waya wa RJ11, menya katikati, tafuta waya mbili za kati. Moja iache ilivyo. Ya pili ikate, na kwenye mkato huo unganisha kwa mfululizo betri mbili za volti 9 (jumla 18) na rezista ya omu 330. Kila modemu ikishika laini hujichukulia kama volti 6, zinabaki 6 kwenye rezista, na mkondo unakuwa kama miliampea 18. Unatosha. Upande wa chanya na hasi hauna shida kwa modemu nyingi, zina daraja la dayodi. Modemu nyingine hukubali hata bila betri, basi anza bila betri, ukishindwa ndipo uiweke.

Chomeka ncha moja kwenye LINE ya kila modemu. Kwenye kompyuta ya kwanza andika `ATX1D`, na ndani ya sekunde mbili tatu andika `ATA` kwenye ya pili. Zitaanza kulia. Zikitoa CONNECT, andika neno upande mmoja litokee upande wa pili. Hapo kadi zote mbili ni nzima kwa kupiga na kupokea, na kama ukutani hazifanyi kazi, kosa ni la ukuta.

Usitegemee kuzidi 33,600 hapa hata kama zote zimeandikwa 56K. Kilobiti 56 zinapatikana tu pale upande wa pili unapoingia mtambo wa simu kidijitali, jambo ambalo modemu mbili za nyumbani haziwezi.

Kuhamisha mafaili, kwenye HyperTerminal fungua `Transfer`, `Send File`, chagua Zmodem. Megabaiti 1 isiyobanika itachukua dakika 5 hivi. Zmodem ikikatika huendelea ilipoishia, zile njia nyingine huanza upya.

Kadi iliyopigwa na radi

Chomoa laini kabla ya kugusa. Kadi iwe nje ya mashine. Angalia eneo kati ya tundu la simu na transfoma ndogo au chipu ya laini: doa jeusi, kidonge cha buluu kilichopasuka, njia ya shaba iliyoruka. Harufu ya kuungua hukaa miaka.

Pima omu kati ya pini mbili za kati za LINE. Isome wazi au megaomu. Chini ya kiloomu 1, kile kidonge cha kinga kimeshoti. Kisoldue, upime tena. Ukipata wazi, weka kingine chenye volti zilezile zilizoandikwa juu yake. Usiiache kadi bila kinga ukairudisha kazini, masika yajayo itakufa yenyewe na mashine. Fyuzi pima kwa mlio wa mita. Iliyokatika weka ya ukubwa uleule, usiweke waya. Daraja la dayodi: kila dayodi isome volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na wazi upande wa pili. Kapasita za karibu na tundu lazima ziwe za volti za juu, 250 au zaidi, ukiweka ya volti 50 mwito wa kwanza utaipasua.

Kama vitu hivyo vyote ni vizima na `ATH1` bado haisogezi mita, chipu ya laini imekwenda. Hapo kadi ing'oe rilei, transfoma na tundu, viweke kwenye kopo la spea, na kilichobaki kipeleke kwenye ndoo.

Iliyopona, ichomoe ukutani kila ngurumo zinapoanza kusikika. Kuzima kompyuta hakutoshi: radi huingia kwa waya wa simu, na waya huo haupiti kwenye swichi.